Kaburi Lisiloonekana

Apigaye filamu ya mashamba ya ngano ya Basotu, magharibi ya Gitting wilayani Hanang, hupata taswira ya kupendeza. Je, amesema kweli? Katika miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, iliyapanua mashamba hayo, na familia za Wabarabaig zikapoteza malisho. Majembe ya matrekta yalipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya udongo ambayo ukoo huyajenga kwa miezi mingi kumtukuza mzee wake. Kamera huona kilichopo. Kaburi lililolimwa halipo.

Hapo ngoma, idhaniwayo kuwa chombo cha furaha tu, huishinda kamera: mwili wa mchezaji waweza kusimama mahali pa asiyekuwapo.

Lakini ngoma nayo hudanganya. Bugobogobo ya Wasukuma ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja. Ikipandishwa jukwaani, jembe hurushwa na kudakwa kwa ustadi, wala udongo haupo, wala deni la mbegu, wala mvua iliyochelewa. Mchezaji hana lawama. Naye atafuta riziki. Kasoro ni ya msanii anayechagua uzuri kabla ya kuuliza ni nani aliyeulipia.

Basi atakayekwenda leo kuonyesha maisha ya wakulima na wafugaji wa Hanang, Wairaqw na Wabarabaig, na awaulize kwanza wazee makaburi yalikuwa wapi. Na wakikataa kumwonyesha, je, atazima kamera?