Kabla Hujashusha Gari, Mwanangu

Mwanangu, nimesikia umeshawasiliana na watu wa Dar kuhusu springi fupi za ile Impreza yako, na kwamba unataka ikae chini mpaka tairi lijifiche ndani ya madigadi. Mama yako ndiye aliyeniambia, wala hakuniambia kwa furaha. Maneno haya nimewaambia vijana wengi hapa Lushoto, na wengi waliitikia "ndiyo mzee" huku macho yao yakiwa kwenye simu. Nimechoka, sikufichi. Lakini wewe ni damu yangu, na uchovu haunipi ruhusa ya kukaa kimya. Basi tega sikio nikueleze polepole.

Kwanza, sikukatazi kulipenda gari, wala simo katika wazee wanaodhani kila kijana mwenye Subaru ni muhuni. Umesema unataka gari moja likupeleke kazini wiki nzima, kisha mara chache kwa mwaka ulipeleke kwenye mbio za kupambana na saa, kama zile za Kiamburing huko Kenya, lami ikiwa imefungwa na watu wamekaa mbali. Nia hiyo naiunga mkono. Na kushusha gari kuna faida ya kweli. Gari likikata kona, uzito hukimbilia tairi za nje, na kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu ndivyo uzito mwingi unavyohama. Kitovu hicho kikiwa sentimita 50 juu ya lami, nawe ukashusha gari kwa sentimita 3, umepunguza uhamaji huo kwa asilimia 6. Si haba. Lakini ni asilimia 6, mwanangu, na seti nzuri ya tairi itakupa zaidi ya hapo bila kugusa springi hata moja.

Kinachoniumiza ni kwamba vijana mnatazama pengo lililo kati ya tairi na madigadi, kwa kuwa hilo linaonekana barabarani, na hamtazami pengo lililo ndani. Siku moja egesha gari pahali pa tambarare, zungusha usukani mpaka mwisho, kisha chuchumaa na tochi. Inua kile kiatu cha mpira kinachofunika fimbo ya shokapu. Utaona fimbo inayong'aa, na juu yake kipande cha mpira chenye mikunjo. Umbali kati ya mpira huo na kichwa cha shokapu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ndio mali yote uliyo nayo. Tairi likigonga ukingo wa shimo au likipanda tuta, fimbo inazama kula umbali huo. Mpira ukigusa na kubanwa mpaka mwisho, springi haina kazi tena, na pigo lililobaki linakwenda moja kwa moja kwenye bodi.

Tuseme umbali wako ni sentimita 8. Ukishusha 3, zimebaki 5, nawe unajisemea kwamba umepoteza kidogo. Hesabu haiko hivyo. Springi humeza pigo kwa mraba wa umbali inaobonyea, kwa hiyo ili sentimita 5 zimeze pigo lile lile lililokuwa likimezwa na 8, ugumu wa springi lazima uwe mara mbili na nusu ya ule wa mwanzo. Sasa yule anayekukatia springi kwa grenda pembeni ya barabara anakupa nini? Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata 1, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20 tu. Ulihitaji mara mbili na nusu, umepata moja na ushei. Ndiyo maana gari lililokatwa springi linagonga kila tuta. Na ndiyo maana, kwenye kona yenye kibonde katikati, linateleza bila kutoa taarifa: upande wa nje umefika mwisho, gurudumu limebaki bila springi, na mshiko unaachia hapo hapo. Dereva akitoka mzima anasema gari limemkataa, kumbe liliishiwa nafasi. Tena ukiliinua kwa jeki, utaikuta springi iliyokatwa inachezacheza kwenye kikombe chake, haijabanwa na kitu. Kazi hiyo siipokei, hata uniletee fedha mara tatu.

Na usinunue springi ukaziacha shokapu zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ukizidisha ugumu wa springi mara mbili, unahitaji nguvu ya kutuliza mara moja na nusu hivi. Bila hiyo, gari likishapita shimo linaendelea kudundadunda, na tairi likiwa hewani, hata kwa kufumba na kufumbua, halifungi breki wala halifuati usukani. Halafu kuna joto. Barabara ya vumbi ya kwenda Mlalo au Mtae haiipi fimbo ya shokapu nafasi ya kupumzika. Mafuta ya ndani yanapata moto, yanakuwa mepesi, na ile shokapu uliyoisifu ulipopita Magamba haikusaidii tena mbele ya safari.

Ukiwa na fedha za koiloova, yaani shokapu zinazokuja na springi zake, nunua zile ambazo kimo chake hurekebishwa chini, kwenye kikombe kinachoshika guu la shokapu, springi ikibaki ilivyo. Zile za bei rahisi, ambazo unashusha kwa kuteremsha kibao cha springi, zinakula umbali ule ule niliokuonyesha kwa tochi. Ugumu wa springi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa milimita. Zile za 8 na 10 waachie watu wa uwanja wenye lami laini. Kwa gari la kazi mbili, tena la milimani kwetu, mimi nisingevuka 5 au 6 mbele.

Kuna jambo jingine linaloihusu Impreza hasa. Mbele imejengwa kwa mtindo wa MacPherson, yaani shokapu yenyewe ndiyo nguzo ya gurudumu, na chini pana wishboni moja. Gari likiwa katika kimo chake, wishboni hiyo inalala karibu sawa na ardhi, ncha ya nje ikiwa chini kidogo. Ukishusha mno, ncha ya nje inapanda juu, na hapo mambo yanageuka: ile nukta ambayo bodi huizunguka gari linapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko gari lenyewe, kwa hiyo gari fupi linataka kulala zaidi kuliko lilipokuwa refu. Tairodi nazo zinakuwa na pembe mbaya, kila bonde likawa linakugeuzia usukani kidogo bila wewe kutaka. Zipo boljointi ndefu za kurekebisha hilo, lakini ni gharama nyingine, na wauzaji wa springi hawakutajii. Mwenye Altezza anavumiliwa zaidi, maana ya kwake ina wishboni mbili kila upande wa mbele. Kwa hiyo usiige kimo cha gari la rafiki yako.

Mnapenda kutaja mabingwa, basi nami nitaje. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda kwa 240Z. Hilo ni gari la michezo kamili, fupi tangu kiwandani. Hakuna aliyelishusha kwa ajili ya barabara zetu. Lilipewa springi na shokapu za kustahimili mapigo, na kinga ya chuma chini ya tumbo, kwa sababu wale mabwana walijua kwamba tairi lisilopata nafasi ya kupanda na kushuka haliendi kasi popote. Hata leo, tazama majirani zako wenye Vitz na IST: wanatafuta spesa za kunyanyua. Wanaijua barabara wanayoishi nayo.

Na barabara hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nikuite. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Ilichongwa ubavuni mwa mlima enzi za Wajerumani, walipouita mji wetu Wilhelmstal, kwa ajili ya vyombo vya mwendo wa pole. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo. Masika ikikolea, mawe yanaporomoka usiku na udongo unatandaa juu ya lami, na asubuhi unakata kona unakutana na jiwe katikati ya njia. Gari la kimo cha kawaida litalipita jiwe dogo kati ya magurudumu. La kwako litalipokea kwa sampo. Mafuta ya injini yakimwagika kwenye kona ile, hasara haiishii kwenye injini yako. Anayekuja nyuma kwa bodaboda na abiria wake ndiye atakayeyakanyaga.

Fikiria na mashimo. Gari lisilo na nafasi chini haliwezi kupita juu ya shimo, kwa hiyo dereva wake hukwepa. Nimewatazama hapa mjini, wanapinda kushoto, wanapinda kulia, wanavuka tuta kwa mshazari huku Coaster ikisubiri nyuma. Hapa mjini ni kero tu. Pale juu ya Soni, ukungu umeshuka, utakwepea wapi? Ukienda kulia, kuna Fuso la kabichi linateremka kwenda Dar na breki zake zimeshapata moto. Ukienda kushoto, kuna mama anayekwenda sokoni na mzigo wa ndizi kichwani, anatembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu hana njia nyingine ya miguu. Yeye hajui springi zako zina kilo ngapi kwa milimita. Amekuachia wewe jambo hilo, na watoto anaotembea nao amekuachia wewe pia. Mwanangu, hapo ndipo ninapokosa usingizi. Gari ni lako, fedha ni zako, lakini ile nafasi iliyo chini ya gari lako ina wenyewe wengi.

Kwa sababu hiyo kimo cha gari linalotumika kote kuwili huamuliwa na kilomita mbaya kuliko zote unazopita kwenda nyumbani. Ile lami laini ya mashindano haina kura. Ukitaka kupata zaidi siku ya mbio, utabadilisha tairi na kukaza shokapu. Kimo kibaki pale pale.

Sasa fanya hivi kabla hujatuma hela Dar. Jaza mafuta nusu tangi, pima kwa tepu kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Kisha chukua kile kibanio cha plastiki cha kufungia nyaya, kifunge kwenye fimbo ya shokapu, kikae juu ya kichwa chake. Pakia watu wawili, teremka mpaka Soni na urudi, mwendo wako wa kila siku. Ukifika, kitazame kibanio kimesukumwa mpaka wapi. Umbali uliobaki kati yake na mpira ndio akiba yako. Ukikuta sentimita 3, unaweza kuchukua 2, kwa springi ngumu zaidi na shokapu zinazolingana nazo. Ukikuta 1 tu, gari lako limeshafika mwisho wake likiwa bado na springi za kiwandani, na hakuna cha kushusha.

Kama utashusha hizo 2, basi springi zikishafungwa, bushi za mpira zisikazwe gari likiwa kwenye jeki. Lishushwe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo nati zikazwe, la sivyo bushi zitakaa zimejikunja na kuchanika upesi. Endesha siku kadhaa springi zitulie, halafu nenda kwenye mashine ya alaimenti, na taa zipimwe upya, maana gari likishuka mbele kuliko nyuma taa zinamulika karibu mno, nawe unaujua ukungu wetu. Hela itakayobaki iende kwenye kinga ya sampo na tairi. Lete gari asubuhi kabla jua halijapanda. Tepu ninayo, jeki ipo, na vibanio nitanunua mwenyewe.