Yakini ya Kisima na Dhana ya Ramani

Swali la kama binadamu anaweza kudai kukijua kitu asichokiona, na kama anaweza basi kwa kiwango gani, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, ingawa ni nadra kuulizwa mbele ya jedwali la visima. Yeyote anayejifunza kuchambua taarifa za visima virefu kwa programu huria ya ramani, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bila kulipia leseni, hukutana na swali hilo pindi kompyuta inapomchorea ramani yake ya kwanza ya rangi. QGIS, programu iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na ambayo leo hutumiwa katika vyuo na ofisi za maji za nchi nyingi, hupokea jedwali ambalo kila mstari wake ni kisima kimoja chenye majira ya nukta, kina, aina za miamba iliyopitwa na kimo cha maji, kisha hutandaza nukta hizo juu ya ramani ya wilaya. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza mchoraji anapoiamuru programu ijaze nafasi zilizo kati ya nukta, ambapo baada ya sekunde chache wilaya nzima hugeuka buluu, kijani na kahawia, na mahali ambapo hapajawahi kuguswa na mtambo wowote hupata rangi inayotangaza, bila haya, kwamba maji yako mita 47 chini ya nyayo za mpitaji.

Rangi hiyo ni elimu, ni dhana, au ni mapambo tu?

Wanazuoni wa misingi ya sheria ya Kiislamu walizoea kuzipanga hali za akili katika daraja: yakini, ambayo haina nafasi ya kinyume chake, dhana, ambayo upande mmoja una nguvu kuliko mwingine lakini ule wa pili haujafa, na shaka, ambamo pande mbili zinalingana. Mpangilio huo unafaa mno katika kazi ya visima, kwa sababu ramani ya rangi huchanganya daraja zote tatu katika wino mmoja. Mtazamaji wa haraka atasema kwamba nukta za visima ni yakini na rangi iliyo kati yake ni dhana, lakini hata nukta yenyewe haistahili cheo hicho bila kuhojiwa.

Taarifa ya kisima ni ushahidi wa mtu. Mtambo unapochimba kwa nguvu ya hewa, vipande vya mwamba hurushwa juu kutoka chini ya shimo, na msaidizi huvikinga kwa beleshi kila baada ya mita chache na kuvipanga chini kwa marundo madogo yaliyofuatana, huku mwingine akiandika daftarini: udongo mwekundu, udongo wa mfinyanzi, granaiti iliyooza, granaiti ngumu. Vipande hivyo hupanda kwa kuchelewa, hasa shimo linapokuwa refu, na njiani huchanganyika na vile vilivyomomonyoka kutoka kuta za juu, kwa hiyo mpaka wa tabaka ulioandikwa mita 42 huenda ulikuwa mita 40. Aidha, anachokiita mmoja mchanga wa mfinyanzi, mwingine hukiita mfinyanzi wenye mchanga, na kwa maji yanayopita humo tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Wanazuoni wa hadithi waliuliza kila mara habari imetoka kwa nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, na kama kuna mwingine aliyeisimulia kwa njia tofauti. Ni masikitiko kwamba majedwali mengi ya visima hayana hata safu ya jina la aliyeandika.

Mahali penyewe pa kisima napo pana mtego wake. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilitengenezwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia mfumo wa WGS 84, na anayeingiza majira ya nukta ya mfumo mmoja huku akiiambia programu kuwa ni ya mwingine hukihamisha kisima kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kukivusha mto na kukiweka katika shamba la mtu mwingine. Kimo cha ardhi kina kasoro inayofanana na hiyo. Kina cha tabaka hupimwa kutoka usoni mwa ardhi, kwa hiyo visima viwili haviwezi kulinganishwa kabla ya kina cha kila kimoja kutolewa kwenye kimo cha mahali kilipo juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho kwa kawaida huchukuliwa kutoka vipimo vya rada vilivyofanywa na chombo cha angani cha Marekani mwezi wa Februari 2000, ambavyo kosa lake lilikubaliwa kufikia mita 16. Mwanafunzi anayechora mistari ya kimo cha maji kwa tofauti ya mita moja moja juu ya msingi wa namna hiyo hajakosea kubofya, amekosea kudai.

Ujazaji wa nafasi kati ya nukta, ambao wataalamu huuita ukadiriaji wa kati, una mbinu nyingi. Iliyo rahisi, iliyotolewa na Donald Shepard mwaka 1968, hukipa kila kisima jirani sauti kulingana na ukaribu wake, hivi kwamba kisima cha karibu husikika zaidi na cha mbali husikika kidogo. Iliyo makini zaidi ilianzia kwa mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1951 kuhusu makadirio ya dhahabu ya Witwatersrand, na baadaye Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia na kuipa jina la Krige. Mbinu hii huanza kwa kuzichunguza nukta zenyewe ili kuona thamani hutofautiana kiasi gani kadiri umbali unavyoongezeka, ndipo ikadirie. Na jambo la thamani zaidi ndani yake ni kwamba, pamoja na kila kadirio, hutoa pia kipimo cha wasiwasi wake.

Mbinu zote mbili zinasimama juu ya imani moja ambayo takwimu zenyewe haziwezi kuithibitisha: kwamba vilivyo karibu hufanana kuliko vilivyo mbali, na kwamba ardhi haigeuki ghafla pasipo kuonwa. Mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu alichowajibia wanafalsafa mwishoni mwa karne ya 11, alishikilia kwamba pamba kuungua inapokutana na moto si jambo la lazima kiakili bali ni ada, mazoea ambayo Mungu ameyaendesha. Na mwanafalsafa David Hume, mwaka 1748, akafikia kwa njia nyingine kabisa kwamba hakuna hoja inayoweza kutuvusha kutoka yaliyoonwa hadi yasiyoonwa bila kutegemea mazoea. Wawili hao hawakukubaliana juu ya Mungu, lakini wote wangemwambia mchora ramani kwamba mwendelezo wa tabaka kutoka kisima kimoja hadi kingine ni ada tu. Na katika miamba ya kale iliyotandaa katika sehemu kubwa ya Tanzania na Uganda, ada hiyo huvunjika mara kwa mara, kwa sababu maji hukaa ndani ya mipasuko ya mwamba, na mpasuko haujali wastani wa majirani. Kisima kimoja hutoa maji mengi, na kingine, umbali wa kutembea kwa dakika tano, hutoa vumbi. Kuuzunguka Mlima Meru, floraidi inayoharibu meno na mifupa hubadilika sana kati ya chanzo na chanzo, kiasi kwamba rangi laini inayoonyesha kijiji fulani kuwa chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, inaweza kumnywesha mtoto sumu kwa jina la wastani.

Kuna jambo jingine ambalo huwaponyoka hata waangalifu. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, wanapozungumzia tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo pale maji yanapokosekana, hutofautisha watu wawili: mwenye yakini kwamba alipo hapana maji, ambaye halazimiki kutafuta, na mwenye dhana au shaka, ambaye ni wajibu wake kutafuta kwanza, mizigoni mwake, kwa wenzake wa safari, na kwa kutazama pande nne akiwa penye uwanda. Msingi wa hukumu hiyo ni kwamba kutopata hakuwi kukosekana mpaka juhudi ya kutafuta itangulie. Ramani za visima huivunja kanuni hii kimya kimya na kwa pande zote mbili. Eneo lisilo na nukta husomwa kana kwamba halina maji, na pengine hakuna aliyewahi kupeleka mtambo huko kwa kuwa barabara ni mbovu. Na kwa upande wa pili, mashimo yaliyotoka makavu mara nyingi hufukiwa bila kuandikwa, kwa sababu hakuna anayependa kumbukumbu ya fedha iliyopotea, hivyo jedwali hubaki na visima vilivyofaulu peke yake na programu hujifunza kwamba kila panapochimbwa maji hutoka. Shimo kavu ni habari yenye thamani sawa na kisima, na pengine zaidi.

Mfano wa kaunti ya Turkana, nchini Kenya, unastahili kutazamwa kwa makini. Mwezi wa Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kuwa hifadhi kubwa za maji ya ardhini zimegunduliwa kaskazini mwa nchi, katika mabonde ya Lotikipi na Lodwar, kwa kuunganisha picha za satelaiti, rada na taarifa za kijiolojia, na kwamba uchimbaji wa majaribio ulikuwa umethibitisha kuwepo kwa maji. Lotikipi pekee ilikadiriwa kuwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 200, na katika kaunti ambayo wanawake hufukua mchanga wa mito mikavu ili kupata maji ya kunywa, kadirio hilo lilipokewa kama mvua. Tangazo lenyewe lilikuwa na tahadhari: ubora wa maji ulikuwa bado unahitaji kuchunguzwa. Lakini tahadhari haina rangi kwenye ramani wala haichukui kichwa cha gazeti, na uchunguzi uliofuata ulipoonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka, aliyedhulumika hakuwa mchora ramani. Kwa haki, wataalamu hawakusema uongo. Kilichotokea ni kwamba yakini ya jambo moja, kuwepo kwa maji, iliazima heshima yake kwa jambo la pili, kufaa kwa maji hayo, ambalo halikuwa limefikia hata dhana.

Je, basi ni afadhali kutochora? Wapo wacha Mungu wanaosita kusema lolote juu ya kilichofichika, kwa kuogopa kuingilia ghaibu, ambayo elimu yake ni ya Mungu peke yake. Kusita huko kuna adabu ndani yake, lakini wanazuoni walikwisha kutenganisha ghaibu isiyojulikana na kiumbe yeyote na ile iliyofichika kwa mmoja huku ikiwa wazi kwa mwingine, na maji yaliyo chini ya ardhi ni ya fungu hili la pili. Ndiyo maana al-Karaji, mwanahisabati wa Kiajemi, aliweza mwanzoni mwa karne ya 11 kuandika kitabu kizima juu ya kuyatoa maji yaliyofichika, akieleza dalili zake katika milima, udongo na mimea, wala asihesabiwe kuwa mpiga ramli. Na ndiyo maana watu wa Oman wamechimba mifereji yao ya chini kwa chini, iitwayo aflaji, kwa vizazi na vizazi. Tofauti ya mtaalamu na mpiga ramli haiko katika kusema juu ya kisichoonekana. Iko katika kuitaja dalili na nguvu yake, ili msikilizaji aweze kuipima mwenyewe.

Hapa programu huria ina fadhila ambayo haitajwi vya kutosha, kwa kuwa watu huisifu zaidi kwa kuwa bure. Njia iliyotumika kukadiria inaweza kusomwa, kurudiwa na kupingwa na mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta ndogo sawasawa na kampuni ya madini. Anaweza kukificha kisima kimoja kimoja, akaiacha programu ikikadirie kwa msaada wa vilivyobaki, kisha akalinganisha kadirio na kipimo halisi, na akajua ramani hukosea kwa mita ngapi. Anaweza kuchora ramani ya pili, ile ya wasiwasi, na kuilaza juu ya ya kwanza hivi kwamba rangi ififie kadiri mtu anavyokwenda mbali na visima, mpaka ibaki karatasi nyeupe pale ambapo hakuna ajuaye. Wafadhili hawapendi ramani yenye weupe mwingi. Ni ramani ya kweli, hata hivyo.

Swali linalobaki ni la uwajibikaji, na fikihi ina mahali pake pa kulianzia. Asiyeijua kibla hufanya ijtihadi, yaani hutumia juhudi yake yote kuitafuta kwa dalili, kisha husali. Ijtihadi yake ikibadilika kabla ya swala inayofuata, huelekea upande mpya, na swala ya kwanza haibatiliki, maana dhana haitengui dhana. Lakini akipata yakini kwamba alikosea, rai yenye nguvu zaidi kwa Mashafii humtaka airudie swala ile, ilhali Mahanafi humwachilia kwa kuwa alijitahidi. Vivyo hivyo, mtu akichora upya visima vilevile kwa mbinu nyingine, ramani ya zamani haiwi ya uongo kwa sababu hiyo, na inafaa ihifadhiwe pamoja na tarehe yake na mbinu yake; mtambo ukishuka na kukuta mwamba mkavu mahali palipopakwa buluu, jambo ni jingine. Wapo watakaomhukumu mhandisi kwa rai ya Mahanafi, kwamba alijitahidi na hana deni, na hukumu hiyo ingetosha kama jambo lingekuwa kati yake na Mola wake tu. Fedha za shimo lile, hata hivyo, zilichangwa na wanakijiji, na wao walionyeshwa ramani ya buluu tupu, bila ile ya wasiwasi.