Kubadili Jina si Kubadili Tendo

Huko Marekani kumezuka kamari ambayo mtu huweka dau juu ya mbio za farasi zilizokwisha kukimbiwa zamani. Ilianza Arkansas mwaka 2000, na mwaka 2011 ikaingia jimbo la Kentucky kwa kanuni za tume ya serikali isimamiayo mbio hizo. Mchezaji huketi mbele ya mashine akatia fedha. Mashine huchagua mbio moja katika maelfu ya mbio zilizopita, na majina ya farasi na tarehe hufichwa. Akibonyeza kitufe, mara matokeo hutoka.

Huenda mtu akauliza: yaliruhusiwaje haya, ilhali Kentucky ilikataza mashine za kamari? Jawabu ni kuwa sheria yake tangu zamani iliiachia kamari ya farasi kwa sharti: wachezaji wachange fungu moja, na washindi waligawane baada ya mwenye uwanja kukata sehemu yake. Basi mashine ikaitwa mbio za farasi, ikapita. Septemba 2020 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba aina moja ya mashine hizo haikutimiza sharti, kwani wachezaji hawakuwa wakishindana wao kwa wao juu ya mbio zile zile. Je, hukumu hiyo ilizimaliza mashine? La. Februari 2021 baraza la kutunga sheria liliibadili maana ya sharti lenyewe, na gavana akatia sahihi.

Watetezi wasema kwamba fedha hizo huongeza zawadi za mbio, huwapa kazi wafugaji, na serikali hupata ushuru. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani riziki za watu si mchezo. Lakini tuipime kwa insafu. Riziki hiyo yatoka mfukoni mwa mwenye kupoteza, na mchuma janga hula na wa kwao. Tena serikali ipatayo ushuru katika hasara ya raia, itamlindaje raia huyo na hasara ile ile?

Hila hii twaijua. Wafasiri wametusimulia habari za Wana wa Israili waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi: walitega nyavu kabla yake, wakaokota samaki baada yake, wakadai hawakuvua. Hawakusalimika, kwani Mwenyezi Mungu huyajua makusudio. Mvinyo hata ukiitwa sharubati hulevya.

Basi serikali yoyote inapotuambia kuwa jambo limehalalishwa, tusitosheke na jina lake. Tuulize lamfanya nini mwenye kulitenda, na ni nani alaye kwa hasara yake.