Mganga au Kitabu: Baraza Litangulize Lipi?

Tajiri akigawa mali yake, hekima yake haionekani upesi, kwa kuwa hata akikosea hubaki na akiba. Masikini akigawa kidogo alicho nacho, hapo ndipo moyo wake hujulikana. Hivyo ndivyo ilivyo kwa baraza la wazee. Ghala ikijaa, hakuna anayeshindana na mwenziwe. Ghala ikipungua, ndipo huulizwa: Nani ahudumiwe kwanza, na nani angoje?

Tazama, basi, swali lenyewe. Baraza limekusanya kodi ya mwaka. Watu wa upande mmoja wasema: «Na atafutwe mganga wa hospitali, apewe mshahara wa kutosha, akae nasi.» Watu wa upande wa pili wasema: «Na ipanuliwe nyumba ya vitabu, wasome wakubwa kwa wadogo.» Feza haitoshi kwa mambo yote mawili. Haki i wapi?

Wasikilizwe kwanza wanaomtaka mganga. Katika nchi ya Kanada liko jimbo liitwalo Saskatchewan, nchi tambarare ya ngano, yenye baridi kali, na nyumba za wakulima ziko mbalimbali. Katika siku za Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1914, baraza la wakulima wa Sarnia, upande wa kijiji cha Holdfast, lilikuwa karibu kupotewa na mganga wake. Wazee hawakukaa wakilia. Walihesabu kodi yao, wakamwahidi dola 1,500 kwa mwaka ili abaki. Mwaka 1916 sheria ya jimbo ikabadilishwa, mabaraza yakapewa ruhusa ya kutoza kodi kwa ajili ya mganga, na mengine mengi yakafuata njia hiyo. Tarehe 1 Julai 1962 jimbo zima likaanza kuwalipia watu wake gharama za mganga. Waganga wengi hawakutaka, wakagoma siku 23, lakini mpango ule ukadumu. Na mwaka 1966 bunge la Kanada likatunga sheria ya kuueneza katika nchi nzima. Jambo kubwa namna hiyo lilianzia katika baraza dogo la wakulima.

Neno lao lina nguvu. Ugonjwa haungoji mavuno. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kuambiwa: «Vumilia hata kodi ya mwaka ujao.» Kitabu kisiponunuliwa leo chaweza kununuliwa kesho, mtu akifa leo, kesho hakuna wa kumnunulia kitu.

Wasikilizwe sasa wanaotaka vitabu. Mwaka 1850 bunge la Uingereza liliyapa mabaraza ya miji ruhusa ya kutoza kodi ndogo kwa ajili ya nyumba za vitabu zilizo wazi kwa watu wote. Kodi hiyo haikupita nusu peni katika kila pauni, na pauni ya siku zile ilikuwa na peni 240. Tena wenye kulipa kodi walipaswa kuulizwa kwanza, na theluthi mbili zao wakubali. Kabla ya hapo vitabu vingi vilikuwa vya wenye mali. Mtoto wa mfanya kazi alivitazama kwa mbali. Tangu hapo aliweza kuingia mlango mmoja na tajiri, akae kiti kimoja naye, asome kitabu kile kile.

Nao pia wana neno la nguvu. Asiyejua kusoma hupewa dawa asijue maandiko ya chupa. Huandikiwa hati ya shamba asijue kama ameibiwa. Tena mganga mwenyewe hatoki mbinguni kama mvua: ni mtoto aliyefundishwa kusoma, akasoma miaka mingi.

Kongo ni shahidi wa jambo hili. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilikuwa na hospitali nyingi, na wauguzi, na wasaidizi wa waganga waliofanya kazi kwa bidii. Lakini hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya uganga ya chuo kikuu. Chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu, na masomo ya uganga ni marefu. Waganga wageni wengi walipokimbia katika fujo za Julai, wagonjwa wakabaki vitandani bila mganga. Ikabidi Shirika la Afya la Dunia lilete waganga wa nchi nyingine, na kusaidia kuwapeleka wasaidizi wale Ufaransa wakamilishe masomo. Basi nyumba za wagonjwa zilijengwa mapema, lakini njia ya masomo ya juu ilifunguliwa kwa kuchelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna na jambo jingine la kupimwa katika kutafuta mganga. Baraza lenye feza likimvuta mganga wa jirani aliye masikini, je, limeongeza afya duniani, au limeihamisha tu? Mwaka 2001 balozi wa Afrika ya Kusini aliiomba Kanada iache kuwavuta waganga wa nchi yake, maana kwao wagonjwa ni wengi na waganga ni wachache. Mwaka 2010 mataifa ya Shirika la Afya la Dunia yakakubaliana kanuni za kuwaandika kazi waganga na wauguzi wa nchi nyingine, ili nchi masikini zisinyang'anywe. Mganga ni mtu huru, aweza kwenda atakako. Lakini baraza linaloita lazima lijiulize ni nani atakayelia kwa sababu ya mwito wake.

Jibu ni hili. Uhai una haki ya kutangulia, kwa maana aliyekufa hawezi kufaidi jema lolote jingine. Kama watu wanakufa kwa kukosa mganga, mganga atangulie. Lakini kutangulia si kula peke yake. Mambo ya haraka hayaishi: mwaka huu ni mganga, mwaka ujao ni daraja, mwaka wa tatu ni paa. Kitabu kikiambiwa kila mwaka «Ngoja», hakika kimeambiwa «Usije». Kwa hiyo baraza lenye haki hukitengea kitabu fungu lake, hata likiwa dogo, wala haligusi fungu hilo bila kuwauliza watu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena lisijenge kitu lisichoweza kukilisha. Sheria ile ya mwaka 1850 iliruhusu nyumba na mtunzaji, lakini haikuruhusu kodi kununua vitabu, kwa kudhani kwamba vitatolewa zawadi. Kosa hilo likatengenezwa mwaka 1855. Andrew Carnegie, tajiri aliyetoa feza za kujenga nyumba za vitabu zaidi ya 2,500, alidai kwanza kwamba mji utoe kiwanja, na kila mwaka utoe sehemu ya kumi ya feza aliyoitoa, kwa ajili ya matunzo. Nyumba ya vitabu isiyo na vitabu, na mganga asiye na dawa, ni ndugu wa tumbo moja.

Msomaji asidhani kwamba hizi ni habari za mbali. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imeyapa makomine, masekta na masheferi uwezo wa kusimamia mali yao wenyewe. Swali litafika mlangoni. Siku litakapofika, kila mlipa kodi ajiulize haya:

1. Je, ninalotaka litangulie ni la lazima kwa wote, au lanipendeza mimi tu?
2. Aliyeambiwa angoje, je, ameambiwa hata lini?
3. Jema tunalolipata, je, tumemnyang'anya nani?

Mzee awezaye kuyajibu matatu haya mbele ya watu wote, huyo na apewe ufunguo wa sanduku la kodi.