Shule ya Kigeni na Meza ya Nyumbani

Juma hili twapenda kujibu barua ya baba mmoja Mkatoliki, Mtanzania mwenzetu, ambaye kwa miaka sita sasa anafanya kazi Dubai, akiishi huko na mkewe na watoto wao watatu. Asema kwamba mtoto wake wa kwanza anasoma katika shule ya kimataifa yenye kufuata mtaala wa Uingereza, na wa pili yu karibu kuanza. Asema tena kwamba sikukuu ya Noeli iliyopita walipiga simu nyumbani, mtoto akapewa azungumze na bibi yake. Bibi akangoja kuamkiwa. Mtoto akasema neno moja la Kiingereza, kisha akanyamaza, kwa kuwa hakuwa na jingine ambalo bibi angelielewa. Bibi akasema polepole, "Haya, mrudishie baba yako simu." Baba huyo amemaliza barua yake kwa swali: "Je, nimemnunulia mwanangu elimu, au nimemuuza mwanangu kwa elimu?"

Swali hilo ni zito, wala si la baba huyo peke yake. Watoto wa nchi yetu wako Muscat, London, Houston na pengine pengi, na wazazi wao hujiuliza jambo hilohilo. Msomaji asiyepata kuvuka bahari naye asilipite upesi, maana tutamfikia kabla hatujamaliza.

Yafaa kwanza tuitazame shule yenyewe ilivyo, tusije tukaihukumu kwa jina lake. Mtaala wa taifa wa Uingereza uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1988. Mtoto huuanza akiwa na miaka 5, akapita ngazi nne hadi afikapo miaka 16, ndipo afanyapo mtihani wa kila somo peke yake. Apendaye kuendelea husoma miaka miwili tena, masomo matatu au manne tu, kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kwa ajili ya shule zilizo nje ya Uingereza, Cambridge ilianzisha mwaka huohuo wa 1988 mtihani uitwao IGCSE. Faida yake kwa mhamiaji ni wazi. Baba akihamishwa kutoka Dubai kwenda Muscat, au kutoka Muscat kwenda Nairobi, mtoto huweza kuendelea karibu na pale alipoachia. Shule za serikali katika nchi za Ghuba zimewekwa hasa kwa ajili ya raia, na lugha yake ni Kiarabu. Kwa hiyo mgeni hana budi kutafuta shule ya kulipia. Mbele yake zipo za mtaala wa Kiingereza, zipo za mtaala wa Kihindi ambazo kwa kawaida ada yake ni nafuu zaidi, na ipo njia ya tatu: kuwarudisha watoto nyumbani, wakae kwa bibi au katika shule ya bweni.

Wala mitihani ya Cambridge si jambo jipya kwetu. Chuo Kikuu hicho kilianza kuwatahini watoto wa shule mwaka 1858, na mwaka 1864 mtihani wake ukafanywa ng'ambo kwa mara ya kwanza, huko Trinidad. Wazee wetu waliosoma Tabora au Pugu katika miaka ya 1950 walifanya mitihani ya Cambridge. Baadaye Taifa likaona vema kuwa na Baraza lake la Mitihani, likaliunda kwa sheria ya mwaka 1973. Hatukuuacha mtihani wa wengine kwa kuwa hesabu yao ilikuwa mbaya. Tuliuacha kwa kuwa shule haifundishi hesabu tu. Humfundisha mtoto pia kujua yeye ni wa nani na aishi kwa ajili ya nani. Hayo ndiyo aliyoyaeleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipoilaumu elimu tuliyoirithi kwamba humtenga mwanafunzi na jamaa zake na kumfanya ajione bora kuliko wao.

Katika jambo hili twaona makosa mawili, nayo yanapingana.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba elimu ya kigeni ni sumu, na kwamba mzazi ampelekaye mtoto huko amelisaliti Taifa lake. Hao wamtazame Mwalimu mwenyewe. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu. Alivisoma vitabu vya Shakespeare kwa Kiingereza, kisha akatuletea Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Baadaye akaziweka Injili katika tenzi. Huyo alikwenda ugenini akachuma, akarudi akautua mzigo uwanjani mbele ya watu wake, kila mtu apate sehemu.

Walakini yatupasa kusema kweli yote. Mwalimu alipokwenda Edinburgh alikuwa mtu mzima wa miaka 27. Alikuwa amekwisha kula ugali wa Butiama, amekwisha kusema Kizanaki na Kiswahili, na imani yake alikuwa ameichagua kwa hiari yake. Mtoto wa miaka 5 hana hayo. Yeye huenda shule na kikapu kitupu, na kitakachowekwa kwanza ndicho kitakachokaa chini kabisa. Kwa hiyo mzazi asijifariji upesi kwa mfano wa Mwalimu, akadhani kwamba mwanawe naye atarudi vivyo hivyo bila mtu kumwonyesha njia ya kurudi.

Mfano ulio karibu zaidi twauona katika Maandiko Matakatifu. Danieli na wenzake watatu, Hanania, Mishaeli na Azaria, walichukuliwa Babeli wakiwa vijana. Mfalme akaagiza wafundishwe kwa miaka mitatu elimu na lugha ya Wakaldayo, nao wakapewa majina mapya ya kigeni. Hatusomi kwamba Danieli aliikataa elimu ile. Aliisoma, na mfalme alipowajaribu akawaona wamewapita wote. Hatusomi hata kwamba aligombana kwa sababu ya jina. Alichokikataa ni chakula cha meza ya mfalme. Akaomba mboga na maji, akaishika sheria ya baba zake katika jambo dogo la kila siku. Hata alipokuwa mzee alizidi kufungua madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kila siku. Danieli hakuwa na uwezo wa kuchagua shule. Meza yake aliichagua, na kwa meza ile na dirisha lile alibaki Danieli.

Kosa la pili ni la wale wanaodhani kwamba kazi yao imekwisha wakiisha kulipa ada. Kadiri ada ilivyo kubwa, ndivyo dhamiri inavyolala usingizi mzito zaidi. Kanisa halijafundisha hivyo kamwe. Papa Pio wa Kumi na Moja mwaka 1929, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo mwaka 1965, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, zote zafundisha kwamba walezi wa kwanza wa mtoto ni wazazi wake. Mwalimu ni msaidizi wao. Na Sheria hiyo yaongeza kwamba mzazi asiyeweza kumpeleka mtoto katika shule ya Kikatoliki anabaki na wajibu wa kuhakikisha anapata malezi ya Kikatoliki nje ya shule. Mwenye wajibu huo hawezi kuumaliza kwa kutuma fedha benki.

Huko Dubai ipo shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, iliyofunguliwa mwaka 1968, na yenyewe yafuata mtaala wa Uingereza. Hilo latosha kuonyesha kwamba mtaala huo na imani havigombani. Lakini shule moja haiwezi kuwapokea wote. Katika shule nyingine, sheria ya nchi huwataka wanafunzi Waislamu wafundishwe dini yao, na mtoto Mkristo halazimishwi kuingia katika somo hilo. Hilo ni jema. Lakini mzazi akumbuke kwamba saa ile mwenzake anapofundishwa dini yake, mwanawe huenda asifundishwe yake na mtu yeyote. Serikali ya huko imeruhusu makanisa, hata Papa Fransisko aliadhimisha Misa Abu Dhabi mbele ya umati mkubwa tarehe 5 Februari 2019. Parokia zina mafundisho ya katekisimu. Mlango u wazi. Mzazi ndiye atakayemshika mtoto mkono aingie.

Kuna na jambo la haki. Ada iliyoandikwa mlangoni siyo ada yote. Ipo ya kuandikishwa, yapo mavazi, basi, vitabu, na baadaye malipo ya mitihani. Wazazi wakae pamoja wahesabu mpaka mwaka wa mwisho, si mwaka wa kwanza tu. Ada iwezayo kulipwa kwa kukopa, au kwa baba na mama kutokuwapo nyumbani usiku na mchana, ni ghali mno, kwa maana humnyima mtoto walezi wake wa kwanza ili kumlipia wale wa pili. Tena kuna Amri ya Nne. Ikiwa kwa ajili ya shule yenye jina kubwa bibi kijijini anakosa fedha ya dawa, basi mtoto ameanza kufundishwa dharau kabla hajafungua daftari. Na mzazi ajiulize kwa moyo mweupe: Je, naichagua shule hii kwa kuwa inamfaa mwanangu, au kwa kuwa nataka kuitaja mbele ya wenzangu? Shule ya ada nafuu yenye walimu wenye bidii, hata ikiwa ya mtaala mwingine, haina aibu yoyote.

Wengine watasema, basi warudishwe nyumbani wote. Hatuwahukumu wanaofanya hivyo, kwa maana wengine hawana njia nyingine, na mabibi wengi wamelea vizuri kuliko sisi. Lakini twaamini kwamba jamaa iwezayo kukaa pamoja ni vema ikae pamoja. Familia Takatifu ilipokimbilia Misri haikumwacha Mtoto nyuma. Lugha ya Wamisri ilisikika nje ya mlango wao. Ndani Yosefu na Maria waliendelea kuwa Yosefu na Maria.

Na sasa tugeuke kwa wasomaji wetu wa hapa nyumbani. Msimcheke baba wa Dubai. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Katika miji yetu wamo wazazi wanaowakataza watoto wao kusema Kiswahili mezani, ati Kiingereza kisiharibike. Bibi akija kutoka kijijini hukaa kimya sebuleni kwake mwanawe kama mgeni wa ofisi. Hawa hawakuvuka bahari. Bahari wameichimba wenyewe kati ya mtoto na bibi yake. Shauri tunalompa baba yule ni lao pia.

Basi, baba mpenzi, jibu letu ni hili. Hujamuuza mwanao. Lakini umekaribia kuacha mezani kwako kiti kitupu, na kiti hicho ni chako. Shule yake, ikiwa yafundisha vema na ikiwa mwaiweza bila deni na bila kuwasahau wazee, usiitoe moyoni mwako kwa hofu. Mwache asome Kiingereza vizuri sana. Ila jioni, nyumbani, mezani, kiwe Kiswahili. Sala ya kabla ya kula iwe ile uliyofundishwa na mama yako. Siku ya katekisimu isipishane na michezo wala na uchovu. Likizo ikiwezekana, nauli ya kumleta kwa bibi uihesabu kuwa ni ada, kwa maana huko nako ni shule. Na ikiwa mwafikiri kurudi, ulizeni mapema Baraza la Mitihani juu ya ulinganifu wa vyeti, mtoto asije akarudi kwao akakuta mlango umefungwa.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, piga simu tena. Kabla ya kupiga, kaa na mwanao, umfundishe maneno mawili tu: "Shikamoo, bibi." Atayasema vibaya, na bibi atayasikia vizuri. Akiitikia "Marahaba, mjukuu wangu," usiharakishe kuichukua simu. Waache wazungumze wanavyoweza.

Mungu azibariki jamaa zetu zote, zilizo karibu na zilizo mbali.