Mwendo wa Watoto

Wako wazazi wanaotenga mwaka mzima ili kusafiri na mtoto wao, kupanda milima na kulala hemani. Ni jambo jema, maana mtoto huziona kazi za Mungu kwa macho yake mwenyewe. Lakini twauliza: safari hiyo ni ya nani?

Tutazame Kilimanjaro. Mlima huo una meta 5,895, lakini tangu meta 2,500 hivi hewa nyepesi yaweza kumwumiza mgeni kichwa na kumtapisha. Mtu mzima husema, "Naumwa." Mtoto mdogo hulia tu; na baba aliyekwisha kuwaahidi rafiki zake picha za mlimani aweza kusema kwamba ni usingizi, akaendelea kupanda.

Katika Mwanzo 33 Esau, mwenye watu 400, alimwalika Yakobo waandamane. Yakobo aliogopa sana kumchukiza ndugu yake, hata hivyo alimwomba atangulie, kwa kuwa watoto walikuwa wachanga. Wengine humlaumu kwamba hakumfuata mpaka Seiri. Na walaumu, neno lake juu ya watoto lilikuwa kweli. Alikwenda Sukothi, akajenga nyumba, na wanyama wake akawafanyia vibanda.