Unyoya Unaoutafuta Umetupwa Jalalani

Ndugu mfungaji wa nzi wa chambo, acha kulalamika kwamba manyoya ya bata mzinga hayapatikani. Yapo! Kila Krismasi wafugaji wetu huyanyonyoa na kuyatupa jalalani, nawe umekaa mezani na ndoana tupu ukingoja pakiti kutoka ng'ambo.

Kenya si mgeni wa kazi hii. Samaki aina ya trauti, wanaovuliwa kwa nzi hawa, waliletwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905, na leo nzi waliofungwa kwa mikono ya Wakenya huuzwa Uingereza na Marekani. Mikono tunayo. Tunoe jicho.

Anza na unyoya wa bawa wenye madoadoa ya kahawia, wa bata mzinga wa rangi ya shaba. Huo ndio unaompa mabawa Muddler Minnow, nzi aliyebuniwa na Don Gapen miaka ya 1930 kwenye Mto Nipigon, Kanada. Umeadimika madukani kwa sababu mashamba makubwa ya Marekani yaligeukia bata mzinga weupe, ambao wakinyonyolewa ngozi haibaki na vidoa vyeusi. Mlaji alifurahi, mfungaji akaumia. Lakini mfugaji mdogo wa kwetu bado anao wa shaba, tena kwake manyoya ni takataka. Changamkia!

Ukifika kwake, usizoe gunia zima kwa pupa. Omba mabawa yote mawili ya ndege mmoja. Bawa la nzi hufungwa kwa vipande viwili vinavyotazamana, kimoja cha unyoya wa kushoto na kingine cha unyoya wa kulia, vilivyokatwa mahali pale pale. Ukiweka viwili vya kushoto, nzi atakaa upande, na majini atazunguka hadi mshipi usokotane. Kisha utenganishe unyoya kwa kidole na kuupapasa kuelekea nchani: nyuzi zikishikana tena, ni mzima. Zikibaki zimetawanyika, utupe, hata kama rangi yake inakudondosha mate.

Mkia nao usiuache. Jock Scott, nzi wa samoni wa karne ya 19, hudai vipande vyeusi vyenye ncha nyeupe. Bata mzinga wa porini wa mashariki ya Marekani ana ncha za kahawia. Huyu wa kufugwa, ambaye asili yake ni Meksiko, mara nyingi ana ncha nyeupe. Kwa hiyo hapa wa bandani anamshinda wa msituni, na wewe uko jirani na banda.

Na yale malaika laini yanayoitwa marabu? Zamani yalitoka kwa korongo marabu, yule mwenye upara anayezurura kwenye majalala ya Nairobi na Kampala. Siku hizi hutoka kwa bata mzinga, basi korongo mwacheni na shughuli zake.

Manyoya yaoshe kwa sabuni, yaanike kivulini, yafunge kwenye mfuko na kuyagandisha kwenye friza siku kadhaa ili wadudu wafe. Ya kushoto yakae peke yake, ya kulia peke yake.

Sasa nenda ukaongee na mfugaji kabla hajabandika maji ya kunyonyolea. Mpe chochote kitu, umwambie akuwekee mabawa mawili mawili.